Tangu Kikambala: Ugaidi na Hoteli za Pwani Yetu

Sikukuu ya Jamhuri ya mwaka 2002 iliwakuta watu wa Kilifi na Mombasa wakiwa bado na majonzi. Yalikuwa yamepita majuma mawili kamili tangu asubuhi ya Alhamisi, tarehe 28 Novemba, gari lilipovamia lango la hoteli ya Paradise huko Kikambala na kulipuka mbele ya mapokezi. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Karibu wakati huohuo makombora mawili yalirushwa kuelekea ndege ya kampuni ya Arkia iliyokuwa ndiyo kwanza inapaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, kurudi Israel ikiwa na abiria zaidi ya 260. Makombora yalikosa. Bomu la Kikambala halikukosa. Walikufa Wakenya kumi na wageni watatu wa Kiisraeli, wawili kati yao wakiwa watoto, bila kuwahesabu washambuliaji.

Ninyi watoto wetu mliozaliwa huku Uingereza, mkiitafuta habari hii mtaikuta imeandikwa zaidi kwa upande wa ile ndege. Si ajabu. Kombora la begani kurushiwa ndege ya abiria lilikuwa jambo la kutisha dunia nzima, na viwanja vya ndege vya Ulaya vilianza kulijadili siku ileile. Lakini wale Wakenya kumi walikuwa ni nani? Wengi wao walikuwa wachezaji ngoma. Walikuwa Wagiriama waliodamka mapema, wakavaa nguo zao za ngoma, wakasimama mapokezini na kayamba zao kuwalaki wageni waliokuwa wametoka uwanja wa ndege. Kazi yao ilikuwa kukaribisha. Kwa kawaida kundi kama hilo hulipwa kidogo kwa kila onyesho, na kilichobaki ni bakshishi ya mgeni aliyefurahi.

Tumeichagua habari hii kwa toleo la Jamhuri kwa sababu kila inapoandikwa historia ya ugaidi na utalii wa Kenya, hesabu huanza na mtalii aliyeghairi safari na dola zilizopotea. Hesabu hiyo ni ya kweli, nasi tutaitaja. Ila inaficha mlipaji. Katika miaka hii yote deni limelipwa kwanza na mwenyeji, kwa damu na kwa kazi, na wengi tulio kwenye jumuiya hii ni sehemu ya malipo hayo.

Turudi nyuma kidogo, tuone Pwani ilivyofika mahali pa kuegemea hoteli kiasi hicho. Kenya ilipopata uhuru, Mombasa ilikuwa mji wa bandari na reli, Malindi na Lamu miji ya uvuvi, mashamba na jahazi. Hoteli za ufuoni zilikuwepo chache, nyingi zikiwahudumia walowezi waliotoka bara kupunga upepo. Serikali mpya iliutazama utalii kama njia ya kupata fedha za kigeni bila kungoja bei ya kahawa ipande. Mwaka 1975 kikafunguliwa chuo cha Utalii jijini Nairobi, kwa msaada wa Waswisi, na cheti chake kikawa kitu cha kujivunia nyumbani. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 uwanja wa Mombasa ulipanuliwa ukaanza kupokea ndege kubwa kutoka ng'ambo, na ndege za kukodi zikawa zinamwaga Wajerumani, Waswisi na Waingereza moja kwa moja Pwani bila kupitia Nairobi.

Malindi ilipata Waitaliano, na sababu yao ya kwanza haikuwa ufuo. Walikuja katika miaka ya 1960 kwenye kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco, huko Ngomeni. Ni kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, iliporushwa setilaiti ya Marekani ikapewa jina Uhuru. Wataalamu walipeleka sifa za Malindi kwao, jamaa wakafuata, nyumba zikajengwa, na leo kuna vijana wa Malindi wanaozungumza Kiitaliano sawasawa ambao hawajawahi kukanyaga Italia.

Hoteli moja ya Bamburi au Diani hulisha watu ambao mgeni hawaoni kamwe. Paa ni la makuti, na makuti yameshonwa na kina mama wa mashambani huko Kaloleni na Ganze. Kamba na pweza vimetoka kwa mvuvi. Kinyago cha twiga kilichofungwa kwenye gazeti kimetoka kwa wachongaji wa Kikamba wa Changamwe, ambao ushirika wao ulianzishwa mwaka uleule wa uhuru, 1963. Kuna dereva wa matatu ya Mtwapa anayebeba zamu ya alfajiri, kuna mama anayewapikia vibarua mahamri na mbaazi nje ya lango la nyuma, kuna muuza madafu, kuna hata mabichiboi, ambao wazee wetu waliwalaani mchana na kula fedha zao jioni. Msimu mkubwa ni wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Fedha za msimu huo ndizo zinazolipa karo ya Januari. Masika yakiingia, hoteli hupunguza watu, nao hurudi shambani kungoja Julai.

Ndani ya hoteli penyewe kuna ngazi, na ngazi hiyo ndiyo inayoeleza nani huumia kwanza. Juu kuna wachache walioajiriwa moja kwa moja. Chini yao kuna wenye mkataba wa msimu, na chini kabisa vibarua wa siku, wanaosimama langoni asubuhi kungoja kuitwa jina. Hofu ikiingia, kibarua hapigiwi simu, haitwi tu. Wa msimu mkataba wake hauandikwi upya. Aliyeajiriwa hupewa likizo isiyo na malipo, na akirudi hukuta bakshishi, iliyokuwa nusu ya maisha yake, haipo. Mwenye hoteli ana bima, na mara nyingi ana biashara nyingine Nairobi au ng'ambo. Tuseme wazi kwamba viwanja vingi vya ufuoni havikuwa mikononi mwa wenyeji, na mahali pengine hata njia ya kwenda baharini ilizibwa kwa ua. Mpwani hakuwa na hisa katika faida. Katika hasara aliwekwa wa mbele.

Bomu la kwanza kulenga hoteli Kenya huru halikulipuka Pwani. Lililipuka Nairobi, katika hoteli ya Norfolk, usiku wa kuamkia mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1980, watu wakiwa mezani. Walikufa zaidi ya kumi na kujeruhiwa wengi. Hoteli ilikuwa ya familia ya Block, Mayahudi walioishi Kenya tangu ukoloni na waliokuwa nguzo ya biashara ya hoteli nchini. Ilichukuliwa kuwa ni kisasi, kwa kuwa Kenya iliruhusu ndege za Israel kutua Nairobi wakati wa uokoaji wa mateka wa Entebbe mwezi Julai 1976. Wazee wetu walilichukulia lile kama ajali ya siasa za watu wengine. Norfolk ilijengwa upya, watalii waliendelea kuja, na miaka ya 1980 ikawa ndiyo miaka ya neema.

Neema hiyo ilivunjwa na mikono ya nyumbani. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, bunduki zikaibwa, na vurugu za kuwafukuza watu wa bara zikaua zaidi ya watu mia moja na kuwahamisha maelfu kwa maelfu. Huo haukuwa ugaidi wa namna tunayoizungumzia hapa. Ulikuwa uchaguzi mbele na wanasiasa nyuma. Kwa hoteli za Diani tofauti hiyo haikuwa na maana. Hoteli zilibaki na wafanyakazi wengi kuliko wageni, kisha ikaja mvua ya El Nino ikakata barabara. Hata kabla vidonda havijapona, tarehe 7 Agosti 1998, yakaja mabomu ya balozi za Marekani. Nairobi walikufa watu 213, na Dar es Salaam, siku hiyohiyo, walikufa wengine 11. Wamarekani waliokufa Nairobi walikuwa 12. Waliobaki karibu wote walikuwa Wakenya, wengi wao makarani, wanafunzi wa ukatibu katika jengo la Ufundi, na abiria wa mabasi barabarani. Hapo ndipo jina la Kenya liliposimama kwenye orodha, na halijafutika.

Kwa hiyo Kikambala ilipolipuka, Pwani ilikuwa ndiyo kwanza inainuka. Na tazameni tarehe. Novemba 28 ni mlango wa msimu. Chini ya wiki saba kabla yake, tarehe 12 Oktoba, mabomu yalikuwa yameua watu 202 huko Bali, Indonesia, na wasafiri wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuingiwa na wasiwasi juu ya fukwe za mbali. Waliokuwa wamelipia Krismasi Mombasa walighairi. Nyumbani hapakuwa na nafasi ya kulia sana; Idi ilifika mapema Desemba, Jamhuri ikafuata, na tarehe 27 nchi ikapiga kura ikamchagua Kibaki. Furaha ya uchaguzi ule ilikuwa kubwa hata Kikambala ikasahaulika kabla ya arobaini.

Haikusahauliwa London. Mwezi Mei 2003 serikali ya Uingereza ilisimamisha safari za ndege za Kiingereza kwenda Kenya, kwa habari kwamba Fazul Abdullah Mohammed, Mkomoro aliyetafutwa kwa mabomu ya 1998 na ya Kikambala, alikuwa ameonekana nchini. Zuio lilidumu takriban wiki sita. Tuliokuwa tumekwisha kuhamia huku tunakumbuka kutafuta njia za kupitia Amsterdam na Dubai, na kulipa nauli zisizoelezeka.

Nyumbani kulikuwa na malipo ya namna nyingine. Misikiti na nyumba za Mombasa, Lamu na Malindi zilipekuliwa. Vijana walichukuliwa usiku, na baadhi ya familia zilizunguka vituo vya polisi siku nyingi bila jibu. Mswada wa kuzuia ugaidi ulioletwa mwaka 2003 ulipingwa vikali na Waislamu na wanasheria hadi ukaondolewa, na sheria yenyewe haikupita mpaka 2012. Na wale walioshtakiwa kwa mlipuko wa Kikambala? Mwaka 2005 waliachiwa huru, ushahidi haukutosha. Fazul aliuawa Mogadishu mwaka 2011. Familia za wachezaji ngoma hazikupata kumwona mtu akitiwa hatiani Kenya kwa kifo cha jamaa zao.

Hapa tuseme jambo lisilopendeza. Kati ya waliotajwa kupanga Kikambala alikuwamo kijana wa Mombasa, Saleh Ali Saleh Nabhan, aliyeuawa Somalia mwaka 2009. Hakutoka mbali, alitoka mitaani mwetu. Wapo wanaoeleza kwamba vijana kama yeye ni zao la ukosefu wa kazi, na kwamba hoteli zikifungwa ndipo magenge hupata watu. Sisi hatuikubali hoja hiyo kama inavyosemwa. Maelfu ya wahudumu, madobi na watunza bustani walipoteza kazi Pwani katika miaka hiyo. Waliuza samaki, waliendesha tuktuk, walikwenda Doha na Muscat kufanya kazi za watu, wengine walikuja huku. Hawakuokota bunduki. Kuwaweka wote katika mizani moja na wauaji ni kuwaongezea tusi juu ya hasara.

Sasa tufike kwenye ile tunayoiita karatasi. Huku inajulikana kama ushauri wa usafiri wa Wizara ya Mambo ya Nje. Si sheria, hakuna polisi atakayekuzuia Heathrow. Lakini bima ya safari huifuata karatasi hiyo. Serikali ikiandika kwamba watu wasiende mahali fulani, bima nyingi huacha kufanya kazi mahali hapo, na kampuni ya utalii haiwezi kuwapeleka wateja wasio na bima. Kwa hiyo kampuni hufuta ndege. Ndege ya kukodi ikifutwa, hoteli kumi zimepoteza wageni kwa siku moja. Mgeni anayejikatia tikiti mwenyewe anaweza kuamua kwa moyo wake. Mgeni wa ndege ya kukodi huamuliwa. Na ufuo wetu ulijengwa juu ya huyo wa pili. Ndiyo sababu bomu dogo la Mombasa huwa na gharama kubwa kuliko ukubwa wake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mei 2014. Miezi minane nyuma, Septemba 2013, watu 67 walikuwa wameuawa katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Tarehe 3 Mei kukawa na mlipuko ulioua watu kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari, na mwingine karibu na hoteli ufuoni Nyali ambao haukuua mtu. Katikati ya mwezi Uingereza ikatoa karatasi: wasiende, isipokuwa kwa safari za lazima, kisiwa cha Mombasa na ukanda wa kilomita 5 kutoka baharini, kuanzia mkono wa bahari wa Mtwapa hadi Tiwi. Kampuni za Thomson na First Choice zikawakusanya wateja wao, mamia ya watu, baadhi wakiwa na mchanga miguuni, zikawarudisha. Siku hiyohiyo ya kurudishwa, tarehe 16, mabomu mawili yakaua watu katika soko la Gikomba, Nairobi, yakawaua wauzaji na wanunuzi wa mitumba ambao hakuna ndege iliyotumwa kuwachukua.

Wanaoijua ramani ya nyumbani wataiona ajabu ya mstari ule. Diani ilikuwa nje ya mstari, na uwanja wa ndege ulikuwa nje ya mstari. Lakini wakati huo, kutoka uwanja wa ndege kwenda Diani njia ilipita kisiwani na kivuko cha Likoni, ambavyo vilikuwa ndani. Basi Diani ikafungwa bila kutajwa. Kikambala, ambako damu ya wageni ilikwisha kumwagika, iko kaskazini ya Mtwapa. Yenyewe ilikuwa nje ya mstari, na haikumsaidia mtu. Mgeni wa Manchester hajui Mtwapa ni wapi. Anasikia "Mombasa" tu, na kwake Mombasa ni kutoka Vanga hadi Lamu.

Sisi tulisoma karatasi ileile, kwa lugha ileile, katika nyumba zetu za huku. Mama zetu walikuwa wakiishi ndani ya mstari. Wenzetu kazini waliuliza kwa upole kama kweli tutawapeleka watoto likizoni. Tulikuwa na kipimo kigumu: pasipoti ya Kiingereza mkononi, bima isiyokubali, na bibi mgonjwa Majengo. Wengi tulikwenda. Wapo waliobaki, na hatuwalaumu.

Je, karatasi ile ilikuwa dhuluma? Serikali ya Kenya ilisema hivyo kwa hasira, na wenye hoteli wakasema zaidi. Wakati mabomu yalipoua watu 52 London mwaka 2005, au watu 130 walipouawa Paris Novemba 2015, hakuna aliyechora kilomita 5 na kuwaambia walimwengu wasiende. Jambo hilo linauma na litaendelea kuuma. Hata hivyo serikali iliyo na habari ya hatari na ikanyamaza inajibu vibaya siku ya msiba. Mwezi Juni 2015 huko Sousse, Tunisia, mtu mmoja aliua watu 38 ufuoni, 30 wao Waingereza, na familia zao ziliuliza kwa haki kwa nini hawakuonywa zaidi. Lawama yetu ni juu ya mwendo. Karatasi hutoka kwa saa moja na kuondolewa kwa mwaka. Ile ya Mombasa ililegezwa katikati ya 2015, na kufikia hapo kampuni zilikwisha kuwapeleka wateja wao kwingine, na kurudisha ndege ya kukodi si sawa na kurudisha basi.

Takwimu za serikali zinaonyesha hivi: mwaka 2011 wageni waliofika Kenya walikuwa karibu milioni 1.82. Mwaka 2015, mwaka ambao pia watu 148 waliuawa Garissa, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, walikuwa karibu milioni 1.18. Kila mwaka katikati ulikuwa chini ya uliotangulia. Mapato yalishuka pole zaidi, kutoka shilingi bilioni 97.9 hadi 84.6, kwa kuwa Nairobi iliendelea kupata watu wa mikutano na biashara. Pwani haikuwa na mto huo wa kulalia. Hoteli kadhaa zilifunga milango, nyingine zilifunga nusu ya vyumba, na magugu yakaota kwenye vidimbwi.

Lamu inastahili kutajwa peke yake, maana iliumia kuliko wote na imezungumzwa kidogo. Mji wake wa kale uliingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2001, na nyumba nyingi za mawe zikageuzwa za kulala wageni. Septemba 2011 watu wenye silaha waliingia hoteli ya Kiwayu, wakamuua mgeni mmoja Mwingereza na kumteka mkewe. Wiki tatu baadaye mwanamke Mfaransa alitekwa Manda, akafia mikononi mwa watekaji. Oktoba majeshi ya Kenya yakaingia Somalia. Juni 2014 ikaja Mpeketoni na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 60 wakauawa, na Julai ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku iliyoendelea kwa miezi. Fikirini amri hiyo mahali kama Lamu. Mvuvi huvua usiku, akazuiwa. Arusi huchezwa usiku. Nahodha wa jahazi aliyekuwa akiwatembeza wageni jua likichwa hakuwa na mgeni, na lau angekuwa naye, hakuwa na ruhusa ya kuwa majini. Mtalii alipoteza likizo ya wiki mbili. Mlamu alipoteza usiku wake wote wa nusu mwaka.

Katika kipindi hicho simu zetu hazikulala. Wale miongoni mwetu waliokuwa wapishi na wahudumu kabla ya kuhama, ambao leo wanatunza wazee katika nyumba za huku kwa ustadi waliojifunza kwa kuwatumikia wazee haohao wakiwa likizoni Nyali, walipigiwa na waliokuwa wakifanya nao zamu. Karo, kodi, dawa. Fedha tulizotuma hazimo katika takwimu yoyote ya utalii, na tunadhani zingepaswa kuwamo, kwa kuwa zilijaza pengo la mshahara wa hoteli moja kwa moja.

Hoteli ziliokolewa na watu ambao kwa miaka mingi hazikuwataka. Zamani Mwafrika akifika lango la hoteli ya ufuoni na familia yake, askari alimuuliza anakwenda kumwona nani. Wageni wa ng'ambo walipokwisha, bei zilishushwa kwa shilingi, na familia za Nairobi, Nakuru na Kisumu zikaalikwa. Mikutano ya serikali na kaunti ikahamia Pwani. Mwaka 2017 treni ya Madaraka ilianza, na katika likizo za shule tikiti zake zikawa hazipatikani. Jikoni kukaingia ugali, sukuma wiki na biriani ya Ijumaa. Sisi nasi tumo katika kundi hilo: tunafika Desemba watu wanane kwa vyumba viwili, na mara nyingine na sufuria ya pilau chini ya taulo, jambo ambalo mameneja wanalijua na wamejifunza kutoliona.

Mwaka 2018 wageni wa ng'ambo walipita milioni 2. Tarehe 15 Januari 2019 magaidi wakashambulia hoteli ya DusitD2 mtaa wa Riverside, Nairobi, wakaua watu 21, na kwa mara nyingine wengi wao walikuwa Wakenya waliokuwa kazini. Safari hii ndege hazikufutwa kwa wingi, hoteli ilifunguliwa tena mwaka uleule, na hesabu ya wageni ya 2019 haikushuka. Kilichozifunga hoteli zote kwa pamoja mwaka uliofuata hakikuwa na bunduki. Korona ilishusha wageni hadi chini ya laki sita, na vibarua wakarudi langoni kungoja majina yasiyoitwa.

Tangu hapo milango imefunguka. Kioo cha kuangalia chini ya magari bado kipo kwenye kila lango, na askari hukipitisha chini ya gari la mjomba kama chini ya basi la Wajerumani. Katika baadhi ya hoteli za pwani ya kaskazini bado kuna vikundi vya Wagiriama vinavyosimama mapokezini asubuhi, na kayamba na ngoma, kungoja wageni washuke. Siku hizi basi wanalolingoja mara nyingi halitoki uwanja wa ndege. Linatoka stesheni ya Miritini.